Fielder ya Japani: navi inaonyesha skrini tupu. Nitengeneze, niweke redio ya Android, au nitumie simu tu?

DadaWaNyakato

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili kiundani.

Gari ni Toyota Corolla Fielder ya 2014 kutoka Japani. Redio ni ya kiwandani yenye navi (mfumo wa ramani ya kuongoza njia), imeandikwa NSCP-W64. Kamera ya nyuma inafanya kazi, Bluetooth ipo, ila ramani ni ya Japani. Hapa kwetu mshale unaelea tu, hakuna barabara hata moja. Fundi wa kwanza anataka 150,000 aweke "ramani ya Tanzania" kwenye kadi ya SD. Wa pili anasema nitoe redio yote niweke ya Android ya inchi 9. Wa tatu anasema hayo yote ni kupoteza hela, simu inatosha.

Matumizi: Dar mjini kila siku, na Dar–Mwanza mara mbili tatu kwa mwaka, kisha Sengerema na Geita. Simu ni Android ya RAM 4 GB. Nataka kujua kipi kinafanya kazi vizuri barabarani, hasa mtandao unapopotea, na nini huwa kinaharibika.

---

Fundi_Waya

Dada, hiyo 150,000 ibaki mfukoni. Toyota haikutengeneza ramani ya Tanzania kwa redio za soko la Japani. Ramani ya redio hizi si faili la kunakili tu. Imeandikwa kwa muundo wa mtengenezaji na imefungamana na programu ya redio, na programu yote imejengwa kwa ajili ya kwao: kutafuta mahali kwa namba ya simu, kwa namba za Mapcode za Denso (tarakimu zinazowakilisha mahali kwenye ramani), kupokea habari za foleni za VICS kupitia mawimbi ya FM. Ukiona mtu anakuonyesha barabara za Dar kwenye skrini ya namna hiyo, muulize zinatoka wapi. Kwa kawaida ni kisanduku cha nje kilichochomekwa kwenye njia ya video, redio yenyewe haijaguswa.

GPS ya redio yako ni nzima. Inapata setelaiti kama kawaida, inajua kabisa kwamba uko Dar. Kinachokosekana ni karatasi ya kuchorea, ndiyo maana mshale unaelea.

Sasa la hatari zaidi: kadi ya SD iliyomo humo ndani. Kwenye redio nyingi za familia hii kadi haibebi ramani peke yake, inabeba na programu inayoiwezesha redio kuamka. Umeme ukiwepo muda wote, redio haiulizi kitu. Siku betri ikichomolewa au ikifa kabisa, redio inaisoma kadi upya. Isipoikuta inagoma kwenye maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani, na hapo unapoteza redio, Bluetooth na kamera ya nyuma kwa mpigo. Magari mengi yamefika bandarini kadi ikiwa imeshatolewa, na mwenye gari hajui mpaka siku ya kubadili betri.

Kwa hiyo leo hii fungua skrini uangalie kama kadi ipo. Ikiwepo iache hapo hapo. Usiiformati, usiiwekee nyimbo. Kunakili mafaili kwenye kadi mpya hakusaidii, kwa sababu redio inasoma pia namba ya utambulisho iliyowekwa kwenye kadi yenyewe kiwandani. Zipo redio zinazoonyesha namba ya ERC badala ya kudai kadi. Hizo ni nafuu, fundi anachukua tarakimu zilizoko kwenye skrini na kukokotoa namba ya kufungulia. Zinazodai kadi hazina njia ya mkato.

Siku ya kubadili betri umeme usikatike. Zima gari, toa ufunguo. Chukua betri ya pili ya volti 12 na nyaya za kubustia: chanya kwenye kibano cha waya chanya wa gari, hasi kwenye chuma cha injini. Hapo ndipo unafungua vibano, hasi kwanza. Kibano cha chanya kina moto muda wote, kifunge kwa mpira au tambara kavu kikiwa nje, maana kikigusa bodi fyuzi kubwa inaondoka. Ingiza betri mpya, chanya kwanza, kaza, kisha ondoa betri ya msaada.

---

DerevaMasafa

Naungana na Fundi kuhusu kadi. Ila nisingependa mtu aondoke hapa akidhani navi ya gari ni teknolojia mbovu. Kwa kupima mahali gari lilipo, yenyewe ndiyo bora kuliko simu.

Simu inategemea setelaiti karibu kwa kila kitu. Navi ya kiwandani ina vitu vitatu zaidi: antena yake iliyotulia sehemu moja, waya wa mapigo ya mwendo kutoka kwenye gari, na jairoskopu inayohisi gari linavyokata kona. Setelaiti zikipotea inaendelea kuhesabu: magurudumu yamezunguka kiasi hiki, gari limegeuka nyuzi kadhaa, basi tuko hapa. Honda walikuwa na kifaa cha namna hiyo mwaka 1981, Electro Gyrocator, kabla GPS haijafika kwenye magari ya watu. Wajapani wanakihitaji hicho kitu kwelikweli. Tokyo kuna handaki la Yamate la kilomita 18.2, lina njia za kuchepukia humo humo chini. Simu ikipoteza setelaiti mle, huna msaada.

Sisi hatuna handaki la namna hiyo kati ya Dar na Mwanza. Shida yetu ni ramani kupitwa na wakati na mtandao kukatika. Chukua mfano wa njia yako mwenyewe: daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025. Ramani yoyote iliyogandishwa kabla ya hapo itakupeleka kwenye kivuko na kukuhesabia muda wa kusubiri. Na hapo simu nayo haisalimiki: kama ulipakua ramani ya nje ya mtandao zamani na hukuisasisha, nayo inakupeleka kivukoni.

Kwako simu inashinda, lakini iandae. Watu wengi wanaiweka tu kwenye dashibodi na kuanza safari, wakifika Mikumi au porini kati ya Singida na Nzega wanaanza kuilaumu.

Kwanza ramani. Kwenye Google Maps gusa picha yako juu kulia, ingia ramani za nje ya mtandao, chagua ramani yako mwenyewe, vuta kisanduku, pakua. Kisanduku kimoja hakitoshi Dar mpaka Geita. Pakua Dar–Morogoro–Dodoma, kisha Dodoma–Singida–Nzega, kisha Shinyanga–Mwanza–Geita, na hakikisha vinapandana kidogo mipakani. Pale ndani washa usasishaji wa moja kwa moja. Mara nyingi unafanyika ukiwa kwenye Wi-Fi, hivyo asiye na Wi-Fi nyumbani asiutegemee, abonyeze mwenyewe kabla ya safari. Bila mtandao Google inakupa njia ya gari tu. Foleni haioni, na njia mbadala haikuletei.

Pili, weka programu ya akiba. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, unapakua Tanzania mara moja na kila kitu kinafanyika ndani ya simu. Inatumia ramani za OpenStreetMap, na kwa Dar es Salaam ramani hizo zimeshiba vichochoro kwa sababu ya kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi na wakazi walitembea mitaani kuchora mpaka mifereji. Tandale au Manzese mara nyingi inakufikisha mlangoni pale ambapo Google inakuacha barabara kubwa. OsmAnd nayo ni nzuri na ina mipangilio mingi zaidi, ila toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua.

Waze usiitegemee njiani. Ni nzuri mjini kwa foleni, na watu wanaripoti tochi, lakini haina ramani ya kupakua. Ukianza na mtandao inabaki na njia uliyopanga. Ukichepuka kutafuta mafuta mahali pasipo mtandao, haiwezi kukupangia upya.

Tatu, GPS haili bando. Hili linawachanganya wengi. Setelaiti zinatuma, simu inapokea, basi. Bando linatumika kuleta ramani, foleni, na ratiba ya setelaiti ili simu ijipate haraka. Bila bando simu inasubiri ratiba hiyo kutoka juu kwenyewe, na setelaiti ya GPS hurudia sehemu hiyo kila sekunde 30. Kwa hiyo ukiiwasha porini, simama pa wazi dakika moja kabla ya kuondoka, usianze kuiwasha na kuizima.

---

Mlolongo_KE

Niongeze ya Nairobi, kwa wanaovuka Namanga. Tangu 2022 tuna Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inafuata Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, na sehemu yake imeinuliwa juu ya barabara hizo. Simu ikiwa pa wazi inajua mahali ulipo kwa tofauti ya mita 5 hivi kushoto na kulia, lakini juu na chini haina uhakika. Wewe uko chini kwenye foleni ya Bellevue, yenyewe inadhani uko juu unakimbia, inakuambia toka Capital Centre. Au kinyume chake: uko juu, inakwambia pinda kulia mahali ambapo kuna ukuta tu.

Dawa ni kuamua kabla ya kuondoka. Kama hutaki kulipa, ingia kwenye chaguo za njia uweke kuepuka barabara za kulipia. Hapo simu haina tena ile barabara ya juu akilini, itakushika chini. Kama unapita juu, ondoa hilo chaguo na ujue jina la mahali pa kutokea kabla hujaingia: JKIA, Eastern Bypass, Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill. Ukipita pako, unaenda hadi panapofuata na unalipia.

Navi nzuri za Kijapani zinahisi gari likipanda rampu, zinatofautisha juu na chini. Hilo ndilo ningetamani simu zijifunze. Dar mtaliona pale Ubungo kwenye Daraja la Kijazi lenye ngazi tatu.

---

DadaWaNyakato

Asanteni sana, nimefungua skrini sasa hivi na kadi ipo, nimeiacha. Nabaki na simu basi. Ila mbili zinanisumbua. Simu nikiiweka dashibodi mchana inapata moto mpaka inafifia mwanga, na chaji inashuka hata ikiwa imechomekwa kwenye USB ya redio. Na nikisema nije niweke redio ya Android baadaye, niangalie nini? Kingine kidogo: kila nikiwasha gari kuna sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani. Inatoka kwenye navi?

---

Fundi_Waya

Chaji: USB za redio za zamani nyingi ziliwekwa kwa ajili ya kusoma flashi, zinatoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. Simu yenye skrini iliyowaka, GPS na data kwa wakati mmoja inakula zaidi ya hapo. Tumia chaja ya tundu la sigara yenye wati 18 au zaidi, na waya mfupi mnene. Waya mrefu mwembamba unapoteza volti njiani, na simu inaonyesha "inachaji" huku asilimia zinashuka.

Joto: dashibodi iliyopigwa jua Dar inapita nyuzi 60 gari likiwa limeegeshwa. Apple wanaandika kwamba iPhone itumike kwenye joto la nje la nyuzi 0 hadi 35, na simu nyingine hazipishani sana na hapo. Ikizidi, simu inapunguza mwanga, inasimamisha chaji, mwisho inajizima. Toa simu kwenye kioo, tumia kishikio cha kubana kwenye matundu ya kiyoyozi, upepo wa baridi unapita nyuma yake. Toa na kava. Ukiegesha, usiiache hapo.

Na ukiona mshale unaruka ruka barabara ya pembeni, kabla hujalaumu programu angalia mambo matatu. Simu iwe na ruhusa ya mahali halisi, si makadirio. Hali ya kuokoa betri iwe imezimwa. Na tinti: zile zenye chembe za chuma zinapunguza nguvu ya mawimbi ya setelaiti, hasa kama fundi amebandika mpaka kwenye ukanda wa juu wa kioo cha mbele.

Sasa redio ya Android. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, kwa hiyo nitaenda taratibu.

RAM 1 GB usiguse, ramani na muziki vikiwa pamoja inaganda. Anzia 4 GB na hifadhi ya 64. Usiamini ukurasa wa "kuhusu kifaa", kwenye redio za bei chee namba hizo zinaandikwa na muuzaji. Pakua programu ya kupima vifaa, ama fungua ramani, video na muziki kwa pamoja pale dukani uangalie inavyovuta.

Upana: redio za kiwandani za Toyota zina uso wa milimita 200, za kawaida ni 178. Ukiweka ya kawaida inabaki nafasi ya milimita 11 kila upande, inahitaji vipande vya kuziba. Ya inchi 9 inakuja na fremu yake, na hiyo fremu lazima iwe ya Fielder ya umbo lako, si "ya Corolla" kwa ujumla.

Nyaya: Toyota ina soketi ya pini 10 na ya pini 6 kwa umeme na spika. Nunua soketi ya kubadilishia, usikubali nyaya za gari zikatwe. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa. Fundi mvivu anaunganisha vyote viwili pamoja ili redio "iwake haraka". Matokeo yake redio hailali, na ukiliacha gari siku tatu betri imekwisha. Kupima: gari limezimwa, milango imefungwa, mita kwenye ampea 10 kati ya kibano cha hasi na betri, subiri dakika 20 hadi 30 mitambo ilale. Ikizidi miliampea 50 kuna kitu kinakula. Kumbuka tu kwamba kuiweka mita hapo ni kukata umeme, kwa hiyo kama bado una redio ya kadi, unganisha mita kwanza kabla ya kufungua kibano.

Kamera: kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6. Redio ya Android inatoa 12. Ukiunganisha moja kwa moja unaiunguza, tena si lazima siku hiyo hiyo. Dai kipunguza umeme cha 12 kwenda 6.

Antena ya GPS ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Ni kile kijisanduku cha mraba chenye waya. Mafundi wengi wanakiacha nyuma ya redio katikati ya vyuma, halafu mteja analalamika kwamba redio haijui barabara. Kinatakiwa kilale juu, chini ya plastiki ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, uso wake ukiangalia angani. Mwambie fundi akuonyeshe alipokiweka kabla hajarudisha fremu.

Mimi ukiniuliza, badala ya redio yenye ramani zake ningechukua inayopokea Android Auto. Ramani, lugha na mtandao vinabaki vya simu, skrini ni ya gari tu. Kwa waya haisumbui. Bila waya inataka simu ya Android 11 kwenda mbele.

---

DerevaMasafa

Na kama safari zikibadilika ziwe za Serengeti au Ruaha, nje ya lami kabisa, hapo usitumie Google peke yake. Inapenda njia fupi, haijui kwamba njia hiyo masika haipitiki. Madereva wa utalii wengi wanatumia Garmin yenye ramani za Tracks4Africa, zinazotokana na njia ambazo magari yamepita kweli. Kwa lami, ukipanga Dar–Mwanza weka Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga kama vituo ukiwa bado na mtandao, ili isikuchepushe kwenye vumbi kwa ajili ya kuokoa dakika kumi.

---

Fundi_Waya

Nilisahau ile sauti. Haitoki kwenye navi. Sikiliza vizuri, inasema "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara kuu za Japani, huku hakina kazi. Tafuta kijisanduku chembamba chenye mdomo wa kadi, kwa kawaida chini ya usukani upande wa goti la kulia au ndani ya droo ya dashibodi, chenye waya mmoja mwembamba unaopanda kwenye kioo cha mbele. Zima gari, chomoa soketi ya umeme ya kijisanduku hicho tu. Kadi yako ya SD haihusiki, redio haitazima. Funga mdomo wa soketi kwa utepe wa umeme, kunja waya ubane juu kwenye nyaya nyingine kwa kamba ya plastiki, usije ukaning'inia kwenye pedali ya breki.